Nilipopita Matanga Bila Kushuka

Rangwe, Jumanne jioni

Bado sielewi kama Otieno, mwenzangu katika safari hii ya baiskeli kutoka Migori hadi Sindo, amenikasirikia. Tulipofika penye boma lenye matanga, yeye alishuka akasukuma baiskeli kwa heshima. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, napambana na mlima, nikapita mbele ya waombolezaji nikiwa juu ya baiskeli.

"Hata kushuka, omera, ndugu yangu?" aliniuliza. Kisha akatangulia mbele yangu mpaka hapa kwa shangazi yake.

Shangazi alipouliza mimi ni nani, Otieno alijibu, "Tunasoma pamoja tu."

Tu. Na tumekuwa marafiki tangu darasa la nne.

Sasa hivi nimekuta ametia upepo magurudumu yangu. Ni ili twende Sindo kesho, au nirudi Migori peke yangu? Sikuthubutu kumuuliza. Nilichukua pampu, nikajaza yake pia.