Gauni la Mstari wa Mbele

Kaka yangu,

Pokea salamu za nyumbani. Sisi tupo. Cherehani yangu imepata mkanda mpya, na paka wako bado ni mwizi, ila siku hizi anaiba kwa adabu. Mama anakusalimu. Anasema ule wembamba uliouona kwenye picha ni wa kamera.

Kaka, si wa kamera. Tangu asimame kanisani akashuhudia kwamba Bwana amemponya tumbo, hospitali hataki kuisikia. "Nikirudi kule, watu watasema nilimsingizia Mungu." Basi kila Jumamosi ananiletea gauni lake la kwaya nilipunguze, ili Jumapili lisimpwaye mbele za watu. Na kila mara ananionya, "Usikate kitambaa, mwanangu. Nikinenepa utafumua."

Sikati. Nakunja kwa ndani, nashona. Mapindo yamekuwa mazito hivi kwamba wiki hii nimevunja sindano mbili.

Juzi nilimsikia chumbani akiomba kwa sauti ndogo: "Baba, kama hutaniponya, basi nisitiri tu."

Mungu anisamehe, kumsitiri nimekuwa nikimsitiri mimi, kwa uzi na sindano, huku mchungaji akimtolea mfano madhabahuni.

Wewe ndiye kifungua mimba wake, neno lako halikatai. Njoo umpeleke hospitali. Usingoje barua nyingine, maana gauni halina tena pa kukunjwa.

Kitambaa chote bado kimo ndani.

Ni mimi mdogo wako,
fundi wa mama