Pikapu Isiyonguruma

Jumatatu, 1 Septemba

Yadini tangu asubuhi. Joto. Mteja mmoja aliuliza njia ya uwanja wa ndege. Mwingine kakaa ndani ya pikapu nyeupe, kashika usukani, kajipiga picha, kaenda zake. Hata ahsante hakuna.

Nauza pikapu za dizeli hapa Changamwe tangu Baraka yuko darasa la kwanza. Dizeli ndiyo iliyomsomesha. Sasa Baraka huyo huyo, wa tumbo langu hili, anauza pikapu za umeme kwa kampuni mpya ya vijana kule karibu na Airport. Kampuni yenyewe bado wanakalia viti vya plastiki. Meneja wangu kaniuliza leo kama yule kijana ni mwanangu au majina yamefanana tu. Nikasema yamefanana. Mungu anisamehe.

Jumatano, 3 Septemba

Baraka kaja na pikapu yake ya umeme nyumbani, Magogoni. Sikuisikia. Nilikuwa uani naanika nguo, kugeuka hivi, pua ya gari hii hapa mgongoni kwangu. Nilipiga ukelele mpaka jirani katoka na mwiko.

Haina mlio. Inavuma kidogo tu, mmmm, kama friji. Basi nimeipa jina hilo. Friji.

Baba Baraka kaingia ndani, kafumba macho, kasema raha iliyoje. Mtu kaendesha kreni bandarini mpaka kustaafu, masikio yalishakufa zamani, leo ndiyo kagundua raha ya kimya! Nimemnunia.

Jumamosi, 6 Septemba

Baraka kasema ukweli wake mezani. Hajauza hata moja. Kampuni imemwambia mwezi huu ukiisha bila mteja, basi, aende zake.

Na Jumamosi ijayo tunakwenda Kaloleni kumposea mchumba wake, Kadzo. Baba yake, Mzee Kalama, keshasema hamwozi binti yake kwa mwanamume asiye na kazi. Kwa hiyo Baraka ana mpango. Twende posa na Friji. Mzee Kalama hubeba nazi kupeleka soko la Kongowea kila uchao, na pikapu yake imechoka. Akiiona hii ataipenda, atainunua. Kazi imesimama imara, mke kapatikana.

Tonge nikalirudisha sahanini. Mzee Kalama ni mteja wangu! Hiyo pikapu iliyochoka nilimuuzia mimi. Nimekuwa nikimnyemelea anunue mpya tangu Krismasi. Hata huyo Kadzo, Baraka alimwonea wapi? Yadini kwangu, siku mzee alipoleta gari kutazamwa breki.

Nina hasira. Nina huruma. Vyote kwa pamoja.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimemwomba meneja pikapu ya maonyesho, ile nyekundu, niende nayo posa. Kakubali. Mzee Kalama ataziona zote mbili pale uani kwake, kisha tutaona.

Nitasema kweli, hapa hakuna anisomaye. Nataka Friji izimike pale mlima wa Mazeras. Baraka aone, arudi yadini kwangu, nimtafutie kazi ya maana. Lakini posa sitaki iharibike. Jana kanisani nilijaribu kuliombea jambo hili, ombi lenyewe likanishinda. Bwana, izimike, lakini ifike. Nikaacha, nikaombea wagonjwa.

Jumatano, 10 Septemba

Shangazi Dama kaja kukagua gari. Ni dada wa Baba Baraka na ndiye msemaji wetu wa posa. Kamwamrisha Baraka afungue aone injini. Kafungua. Mle mbele hamna kitu, sanduku tupu la kuwekea mizigo.

Shangazi katazama. Kainama, katazama tena. Kisha kamshika Baraka mkono kwa upole, kamwambia, mwanangu, wamekuibia, twende polisi.

Nimecheka mpaka machozi. Baraka hakucheka. Alieleza mambo ya mota na betri kwa muda mrefu. Shangazi alikuwa anaitikia tu, abee, abee, huku anautia mkoba wake mle ndani aone kama utaenea.

Ijumaa, 12 Septemba

Meneja kaninyang'anya ile nyekundu. Kuna mteja anatoka Voi kesho kuja kuitazama. Mteja kwanza, posa baadaye, ndivyo alivyosema, na tabasamu juu.

Kwa hiyo mimi, mimi muuza dizeli, nakwenda kumposea mwanangu ndani ya Friji. Looh. Nimepiga pasi kanga mpaka nimeiunguza pembeni.

Jumamosi, 13 Septemba

Tumerudi. Miguu imevimba, sauti sina. Niandike kabla sijasinzia.

Tulipakia mbuzi, kreti za soda na mitungi ya tembo la mnazi nyuma. Shangazi mbele na Baraka. Mimi na Baba Baraka kiti cha nyuma. Tulipofika Mazeras nikashika mlango, nikangoja. Friji ikapanda kana kwamba haijaambiwa kuna mlima. Malori yanahema kando, sisi tunapita, hata soda hazigongani. Nikajikuta natabasamu. Nikajikemea.

Sasa Kaloleni. Kwetu wageni wa posa husikika kabla hawajaonekana. Wenyeji wakisikia gari hufunga lango, wanawake wa boma wanajipanga nyuma yake, kunaimbwa ndani na nje mpaka wageni wakubaliwe. Wanawake walikuwa jikoni wanakuna nazi huku masikio yako barabarani, wanangoja injini. Injini gani? Lango wazi. Baraka, kwa wasiwasi wake, kapitiliza moja kwa moja mpaka uani.

Mzee Kalama alikuwa kwenye kigoda, kifua wazi, povu la kunyolea mashavuni, kioo mkononi. Akaona mbuzi ndani ya kioo chake. Mbuzi wetu. Yowe alilopiga sijalisikia kwa mwanamume mzima.

Wanawake wakatoka na mbuzi zao za kukunia nazi. Mama yake Mzee Kalama, bibi mwenyewe wa boma, akasema aingiaye kimya ni mwizi, na posa haijafika. Tutoke, turudi kama watu.

Tukatoka kinyumenyume. Lango likafungwa. Shangazi akaimba vizuri mno. Bibi akajibu kwa ndani kwamba watu anawasikia, gari halisikii. Au mmekuja kumposa mtoto wetu kwa miguu? Baraka akapiga honi. Ikalia kama kifaranga. Ndani wakaangua kicheko. Bibi akasema wajukuu zake wote wameposwa kwa gari lenye sauti, na hafungui mpaka alisikie.

Nikamtazama mwanangu. Suti mpya imelowa jasho. Mzaha ulikuwa unageuka, maana ndani mtu mmoja alishaanza kuuliza kama kijana mwenye gari bubu ana kazi kweli. Roho iliniuma vibaya.

Sasa, mimi yadini betri ya gari ikifa na mteja yuko pale, huwa namwigizia. Nakunja midomo, namsikilizisha dizeli inavyowaka asubuhi, gia ya kwanza, gia ya pili, mlima. Changamwe nzima wananijua kwa hilo. Basi nikaifunga kanga kiunoni. Nikapanda nyuma kwa mbuzi. Nikashikilia paa la kebini.

Nikaanza na kikohozi, kisha nikashika moto. Baraka akanitazama kwenye kioo, akaelewa, akasogeza gari taratibu. Nilipobadili gia akaongeza mwendo. Shangazi Dama akapiga mluzi, ule wa tabo, injini inapovuta pumzi mlimani. Baba Baraka, mtu asiyeinua sauti hata kanisani, katoa kichwa dirishani akawa honi ya lori. Mbuzi naye hakukubali kubaki nyuma.

Kisha nikamsikia Mzee Kalama, naye hoi kwa kicheko. Hiyo ni dizeli ya Mama Baraka! Naijua! Fungueni!

Likafunguliwa. Wanawake wako chini kwa kicheko, wengine wameshikana. Bibi kanitaka nirudie gia ya pili. Nikarudia. Kadzo alipoulizwa mbele ya watu kama anawajua wageni hawa, kajibu anawajua, na huyo anayenguruma ndiye mama mkwe wake. Vigelegele.

Ila Mzee Kalama, baada ya kula na kunywa, kamvuta Baraka kando, nami nikasikia. Mtoto nimekupa. Siku ya harusi nitaitaja nikiona kazi yako imesimama imara. Kuhusu kununua gari hakusema lolote. Nilishindwa kuimaliza soda yangu.

Jumapili, 14 Septemba

Sauti hakuna. Kwaya imeimba bila mimi. Baba Baraka ananiita Dizeli. Sina hata sauti ya kumtukana.

Jumamosi, 20 Septemba

Baraka kakonda. Kaonyesha gari kwa wauza mchanga, kwa wenye mikate, kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi Ziwa la Ng'ombe. Wote wanaisifu. Wanazungushwa, wanashuka, wanasema watafikiria. Mteja wa kufikiria namjua mimi. Yule wa Voi naye bado anafikiria.

Kadzo kapiga simu mara mbili, Baraka hakushika. Nikamgombeza. Kisha nikaenda jikoni nikalia.

Jumatano, 24 Septemba

Mzee Kalama kanipigia, niko mezani pangu yadini. Pikapu yake imekufa kabisa, gia zimekwisha. Anataka mpya wiki hii. Akasema Mama Baraka, uliniuzia hii na hukunidanganya. Niambie kama muuzaji, si kama mkwe. Nichukue ya kwako au ya kijana?

Meneja meza ya pili, sikio limesimama. Wiki tatu sijauza kitu. Ningesema neno moja tu, ya kwangu, na mzee angekuja kesho.

Nikawaza kazi yake. Kushuka Kaloleni na mzigo wa nazi, gari linajichaji lenyewe kwenye mteremko. Kupanda jioni tupu. Njia ile ile kila siku, na kulala nyumbani penye umeme. Nilitafuta kasoro. Haki ya Mungu nilitafuta sana. Sikuipata.

Nikamwambia. Achukue ya kijana. Na asimwambie kijana kuwa kaniuliza.

Nikakata simu. Meneja kauliza nani huyo. Mkwe, nikasema. Nimeona uchungu, tena mwingi. Nilikuwa namtaka yule mteja. Usiku nimemweleza Baba Baraka peke yake.

Ijumaa, 26 Septemba

Baraka kaja jioni, kabeba samaki wa kukaanga. Kauza. Mzee Kalama kampigia mwenyewe, kaja mpaka kwenye viti vyao vya plastiki, kachukua, na siku ya harusi kaitaja hapo hapo.

Kasimulia tangu mwanzo. Kumbe ni yeye Baraka aliyemshawishi mzee siku ile ya posa, walipokaa kando, kwa yale maelezo yake ya betri. Anasema siri ni kumsoma mteja. Kanifundisha na mimi, niitumie yadini. Baba Baraka kanitazama, kisha katazama sahani yake.

Nikasema hongera, baba. Nikamwongezea wali. Upepo ulikuwa mzuri, tukaacha mlango wazi. Akamaliza samaki wake, nikamsogezea kipande changu, akala huku anaongea.