Baba Amebakiwa na "Yaani"

Jumatano, 9 Julai 2025

Tumerudi nyumbani Maretadu kutoka hospitali. Kiharusi kimemwachia baba neno moja tu — yaani. Uji umepoa? Yaani. Mkono unauma? Yaani, yaani… kisha machozi. Kiiraqw chake chote kimekwenda, kimebaki kineno cha Kiswahili, lugha aliyokuwa akiinunia! Kila mtu ana chake cha kuvutia muda. Mchumba wangu Kelvin ana "sijui nini". Baba yake, Mzee Gidahosh, huvuta "eee" ndefu mpaka Kiswahili kimjie. Lakini wao wakishavuta, la kusema linakuja.

Jumamosi, 12 Julai

Kelvin kapiga simu toka kwao Gehandu. Wazee wake wanakuja tarehe 20 kusikia jibu la posa. Kwetu baba wa binti hujibu kwa kinywa chake. Akishindwa, anajibu mdogo wake. Na baba mdogo Bura hataki hata kusikia habari za wafugaji kama kina Kelvin! Mama kakataza nisimwambie Kelvin hali ya baba, jibu lisije likamwangukia baba mdogo. Baba alishakubali kabla hajaugua, lakini alituambia mimi na mama tu.

Alhamisi, 17 Julai

Namfundisha baba. Sema nimekubali. Yaani. Jana midomo ilifika "ni"! Nilipiga kelele kama mwendawazimu. Leo hakuna kitu. Kanishika kwa mkono ule mzima, ananitazama. Anajua kila kitu. Nimelia zizini.

Jumapili, 20 Julai

Naandika jikoni. Wageni wameinuka.

Mzee Gidahosh alimuuliza baba jibu la posa kwa heshima zote. Baba akakaza shingo, jasho likamtoka. Yaani… yaani… Nikisema ni ugonjwa, jibu linakuwa la baba mdogo. Nikinyamaza, baba ataonekana anasita. Nilinyamaza. Mama naye kimya. Baba mdogo akadakia: mmesikia wenyewe, kaka yangu anasita. Mzee Gidahosh akachukua fimbo. Eee… sisi hatumchukui mtoto wa mtu anayesita, akasema. Kwa upole kabisa! Angefoka ningevumilia.

Sasa baba anapiga kelele sebuleni. Yaani! Yaani! Yaani! — mfululizo, kwa nguvu, hakuna kusita hata kidogo. Mama ananiita nikamtulize. Siendi, acha asikike. Dirishani namwona Mzee Gidahosh kasimama karibu na zizi, kageuza kichwa, anasikiliza. Baba mdogo kamshika mkono, anamwonyesha njia —