Mahali Pale Litein Nilipachagua Mimi

Onyango ndugu yangu,

Nakuandikia nikiwa na hasira, kwa hivyo usitafute salamu nyingi.

Tangu tukuzike hapa Kedowa, tajiri wetu wa Kericho hana wimbo mwingine ila wewe. "Onyango iko na jicho. Wewe iko macho mbili, hapana ona kitu." Mbele ya wateja! Na kazi tulianza siku moja, wewe na mimi, kuzungusha zile mashine zake za kiberiti na kuomba wenye maduka ukuta wa kuzitundika. Mtu anatumbukiza sarafu, anavuta kidroo, kiberiti hicho. Mimi nikachagua mlango wa stesheni, penye watu wote. Wewe ukachagua kibanda cha fundi viatu, nikakucheka mpaka machozi. Mashine yako ikawa inaisha viberiti kila wiki. Yangu ikashika vumbi.

Sasa nikiri jambo. Ulipokufa na ile homa, haukuisha hata mwezi. Nilizing'oa zote mbili nikazibadilisha, yako stesheni, yangu kwa fundi. Niliamini wewe ulipewa mashine nzuri. Mzee fundi alinitazama tu, akaniuliza, "Sasa wewe unabadilisha ya nini, na zote ni sawa?" Yangu ikaanza kuuza pale kwake. Yako ikakaa bure stesheni. Niliona haya, Onyango, na wivu haukupungua hata kidogo.

Ndipo nikakumbuka ulivyoniambia siku ile nilipokucheka: "Watu wanatua mizigo hapa. Mwenye mzigo kichwani atatafuta sarafu kwa mkono gani?" Nilikusikia. Nilijifanya sikusikia.

Tajiri akanipa mashine ya mwisho nipeleke Litein. Nikikosea, kazi inakwenda kwa mpwa wake. Nilikaa Litein kutwa nzima, njaa inaniuma, nikitazama mizigo tu. Sokoni watu wanapita. Kwenye kinu cha maji, kina mama wanatua vikapu vya mahindi na kungoja zamu ya kusagiwa. Nikaomba ukuta wa kinu, nikapewa. Viberiti vikaisha kabla ya Jumapili.

Tajiri akaja, akatazama, akatikisa kichwa. "Hii mahali Onyango nachagua mbele ya kufa, ndio?"

Nilimfokea mpaka kina mama wakageuka. Ni mimi! Ni mimi peke yangu! Kazi hakuninyang'anya, lakini nilipofika nyumbani furaha ilikataa kuja. Tajiri anajua kutazama mashine iliyoisha viberiti, basi. Wewe ndiye ungesimama mbele ya kinu kile, ukatazama huku na huku, ukajua nimepatia, ukanuna. Kununa kwako tu ndiko nilikotaka. Nakulilia, Onyango, na bado nakuonea wivu.

Haya, lala. Nikipata mahali pengine pazuri, tajiri atangoja. Nitakuja kwanza kukuringia wewe.

Ni mimi,
Kamau