Vidole vya Mitetea

Jumatatu, 4 Juni 1956

Nimefagia banda, nimebadili maji, nimemwaga pumba mpya. Mgongo unauma, ila kifua kimepoa. Kule jineri, kiwanda cha tajiri, vumbi la pamba lilikuwa linanimaliza. Tangu tajiri anihamishie kwa kuku wake wa kizungu nakohoa kidogo tu. Sijapata kazi niipendayo hivi toka nilipoondoka Kasulu.

Leo mitetea wametiwa alama. Hapa Bariadi kila kaya hukata kuku wake kidole, kila kaya na kidole chake, ili wakichanganyika wajulikane. Nyapara Masanja amekata mwenyewe, wote kwa kisu kimoja kilichotoka kuchuna mbuzi. Akakifuta kwenye suruali. Kisha wakaachiwa wakanyage mavi. Kwetu hatukati vidole. Nikaendelea kumshikia kuku, yeye ndiye mkubwa.

Jumanne, 12 Juni

Wachache wanachechemea. Mmoja kifundo kimevimba, ukikishika ni moto.

Alhamisi, 14 Juni

Wameongezeka. Wanakaa chini mchana kutwa na kujiegemeza kwa mbawa.

Masanja amesema mbele ya vibarua, "Huyu Mha anawapiga fimbo." Mwingine akadakia, "Aa, amekuja na dawa za kwao mfukoni." Nikawaambia ningekuwa na dawa ningeanza na nyapara. Wakacheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka. Sijawahi kumpiga kuku hata mmoja.

Jumamosi, 16 Juni

Tajiri anaogopa kideri, ugonjwa unaomaliza banda zima. Amemwita bwana mifugo wa Maswa. Ikiwa ndicho, kuku wote watachomwa na mimi narudi jineri. Nimewatenga wanaochechemea.

Jumatatu, 18 Juni

Bwana mifugo amefika kwa baiskeli, vumbi mpaka kwenye nyusi. Amempasua mtetea aliyekufa. Ndani ya kifundo usaha mzito wa njano. Akaendelea kupasua mguu mpaka juu, mfupa umelainika kama muhogo uliooza. Akasema si kideri. Ni vijidudu, huingia kwenye jeraha, vikasafiri na damu hadi kwenye viungo na mifupa. Akauliza jeraha liko wapi. Nikamshika mmoja, nikamwonyesha kidole kilichokatwa.

"Nani alikata?"

Sikutaja mtu. Masanja akavua kofia. "Ni mimi, bwana. Baba alinifundisha hivyo."

Nilidhani siku ya kosa lake kujulikana ingenifurahisha. Haikunifurahisha sana. Nilimheshimu.

Wenye mifupa mibovu tumewachinja na kuwafukia. Waliobaki wana nafasi mpaka mwisho wa mwezi. Wakiendelea kuchechemea, tajiri anafunga banda. Tajiri, aliyekuja kusikia matokeo, akanitazama. "Ni kazi yako sasa."

Jumapili, 24 Juni

Nimekwangua sakafu yote, nimepaka chokaa, nimeng'oa kila waya uliochongoka. Kila kuku nampaka kidoleni iodini, dawa ya vidonda aliyoiacha bwana mifugo, asubuhi na jioni. Mikono imepasuka. Masanja ameleta maji kwa toroli bila kuambiwa. Nimechoka kuliko nilivyochoka jineri, lakini huu ni uchovu wangu mwenyewe.

Jumatano, 27 Juni

Mmoja anavuta mguu. Nimemchukua nje, nimemtazama unyayo. Mwiba. Nimeuchomoa, nimempaka iodini, nimemrudisha kwa wenzake.

Jumamosi, 30 Juni

Tajiri amekuja. Nikafungua mlango, wakatoka mbio, wakatawanyika uani wakipekua. Akawatazama miguu kwa muda mrefu. Hakuna aliyechechemea. Akasema, "Endelea nao." Basi.

Nimejisikia kama mtu mwenye ng'ombe wengi. Mimi, niliyeishia darasa la tatu, nisiye na ndugu hapa. Nimewatoa kuku hawa kwenye moto kwa mikono hii. Leo sioni haya kuyaandika.

Jumatatu, 2 Julai

Masanja amekuja na kuku wa nyumbani kwake kwapani, akaniamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Hebu mtazame huyu."

Kifundo kilikuwa moto. Nikamwambia kwa huyu amechelewa, lakini wenzake nitakwenda kuwaona kesho. Akakaa juu ya debe, kuku amemlalia mapajani. Baadaye akauliza iodini hupakwaje. Nikamwonyesha, polepole, naye akainama kutazama.