Rambirambi za Jumapili Ile

Lucky Summer, Nairobi
30 Agosti 2024

Kwako ndugu yangu Wesonga,

Pokea salamu zangu na za wote wanaokukumbuka hapa mtaani. Natumaini wewe na binti yetu Marion mu wazima huko Kimilili, na kwamba mahindi yamekubali. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto linalolalamika kila ninapoinama kuchonga. Mke wangu Mama Ndete na watoto bado wako kwetu Mwingi, na anawasalimu sana.

Namba yako haipatikani tangu Mei. Nimepiga mpaka yule dada anayesema mteja hapatikani amenizoea. Basi nimenunua karatasi na bahasha, na kesho nitaipeleka hii Muthurwa, kwenye ofisi ya vifurushi ya basi la kwenu. Usicheke mwandiko. Mkono uliozoea patasi hauna adabu mbele ya kalamu.

Kwanza habari ya mazishi. Sikufika kwa sababu nilishikwa na homa, homa mbaya ya kulazwa kitandani siku tatu. Pole kwa kuondokewa na mke, nami najipa pole kwa kuondokewa na shemeji. Kila nikitaka kuongeza neno kuhusu Selpher linakataa kutoka, kwa hiyo nihamie mahali ninapopajua.

Ligi imeanza, ndugu yangu. Jumapili Liverpool wanakuja kwetu Manchester, pale Old Trafford, na utabiri wangu ni sisi mbili, wao moja. Nimeshauandika kwa chaki kwenye ubao wa pale kwa Adongo, kwenye banda la kutazamia mpira, na jina langu chini yake kama kawaida. Nyinyi Arsenal kesho mna Brighton. Nimewapa tatu bila, na si kwa huruma, nimewatazama na mnacheza. Mstari wako kwenye ubao uko wazi. Kuna kijana alitaka kuandika jina lake hapo nikamwambia pana mwenyewe.

Andika hata neno moja. Hata kama ni la kuitukana timu yangu, nitalipokea.

Ndugu yako,
Maingi

*

Lucky Summer, Nairobi
7 Oktoba 2024

Kwako ndugu Wesonga,

Hamjambo huko? Mimi nipo, nashukuru Mungu. Maji ya mfereji huja Alhamisi tu siku hizi, lakini afya ipo na kazi ya kuchonga inaenda polepole. Sikupata jibu lako. Nimejiambia labda ile bahasha ilipotea chini ya magunia ya watu, kwa hiyo naandika tena.

Kuhusu utabiri wangu, cheka tu, una haki. Liverpool walitufunga tatu bila, nyumbani kwetu. Wakaja Spurs, nao tatu bila, hapo hapo nyumbani. Jana na Villa tukatoka sufuri kwa sufuri, na vijana bandani wakapiga makofi utafikiri tumebeba kombe. Shida yetu ni katikati. Hatuna mtu wa kukaa mbele ya mabeki akasema leo hapa hapitiki. Hilo ningekueleza vizuri kama ungekuwapo, nawe ungesema shida ni golikipa, tungebishana mpaka Adongo azime televisheni.

Lakini jambo lililoniuma si mabao. Baada ya Liverpool nilitoka bandani nimeshika simu mkononi, nikingoja. Miaka kumi na minane, Wesonga, timu ya mmoja wetu ikifungwa, mwingine anatangaza kifo chake: picha ya marehemu, mshumaa, na maneno ya kanisani. Unakumbuka City walipotupiga sita kwa moja? Wakati ule hatukuwa na simu za picha. Ulibandika karatasi kwenye mlango wa karakana yangu, na mteja mmoja mcha Mungu akaja asubuhi na sukari na majani ya chai kwa ajili ya matanga. Selpher alicheka mpaka akakaa chini. Safari hii nimefungwa mara mbili na hakuna aliyenitumia rambirambi. Nilifika nyumbani, nikaweka simu mezani, nikala peke yangu.

Siku hizi pale bandani mtu hashabikii timu, anashabikia mkeka wake wa kubeti. Anakaa ameinamia simu akihesabu mechi sita za nchi ambazo hajui ziko wapi, ya kwanza ikimwangusha anaondoka. Juzi nilianza kueleza habari ya kiungo, kijana mmoja akaniambia mimi mzee wake, "Buda, hiyo team achana nayo, utajiletea presha ya bure." Wenzake wakacheka. Nikageuka upande wako ili unisaidie kumjibu, nikakuta kwenye kiti kuna kofia ya mtu.

Mwenye hasira husema. Ukinyamaza hivi unanimaliza.

Ndugu yako,
Maingi

*

Kimilili
4 Novemba 2024

Maingi,

Salamu. Sisi ni wazima. Mahindi tumevuna.

Barua zako zote mbili zilifika. Simu niliifunga mwenyewe, haijaharibika. Habari za mpira usiniandikie. Tangu Aprili sijatazama mechi hata moja, na Marion akiwasha redio wakati wa matokeo natoka naenda kuangalia ng'ombe.

Kwa kuwa unataka mtu aseme, nitasema mara moja. Jumapili ile, tarehe kumi na nne, Selpher alikata roho saa mbili na robo. Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya wodi, muuguzi ananieleza nguo zake nizichukulie wapi, simu ikalia kwenye mfuko wa shati. Nikadhani ni Marion. Nikafungua nikakuta picha yangu na mshumaa. "Kwa huzuni kubwa twatangaza msiba uliompata Baba Marion nyumbani kwake Emirates, mikononi mwa Aston Villa, mbili bila. Hakuna matanga, marehemu hufa kila Aprili."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba tumefungwa.

Sikukukasirikia kwa hilo. Hukujua, na mimi mwenyewe nimekuzika mara nyingi kuliko nywele zako. Nilisema moyoni, Maingi ndiye wa kwanza kufika. Nikakupigia, hukushika. Asubuhi mtaa wote ulikuwa umejua. Watu walijaa kwetu hapo Lucky Summer siku nne, wengine siwajui hata majina, na kila mlango ulipofunguliwa niliinua kichwa. Wewe unakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu.

Halafu unaniandikia homa. Siku ya safari Marion alikuona Muthurwa, pale basi la msiba lilipokuwa linapakia watu. Umevaa koti la kanisani, una begi mkononi. Alikupungia mkono, ukageuka ukaenda zako. Niambie ulikwenda wapi. Kama huwezi kuniambia, usiandike tena.

Baba Marion

*

Lucky Summer, Nairobi
3 Februari 2025

Kwako ndugu Wesonga,

Nakusalimu kwa heshima. Natumaini mlifunga mwaka salama. Mimi ni mzima wa mwili. Barua hii nimeiandika na kuichana tangu Novemba, na Mama Ndete, nilipokwenda Mwingi Krismasi, aliniambia kama siwezi kukuandikia ukweli nisimsumbue yeye kwa kuguna kitandani.

Hapakuwa na homa.

Jumapili ile nilikuwa nimemwahidi Selpher kwamba nitakuja kumwona, wakati wa kutazama wagonjwa, saa kumi. Nilinunua machungwa, nikavaa viatu. Lakini saa kumi hiyo hiyo Liverpool walikuwa na Palace, na baada yao nyinyi na Villa, na ubingwa wote ulikuwa hapo. Nikajiambia mgonjwa hakimbii, nitakwenda kesho. Nikaketi kwa Adongo saa nne nzima. Liverpool wakafungwa, nanyi mkafungwa, na nikaona sijawahi kupata siku tamu kama ile. Lile tangazo nililiandika nikiwa natembea, nacheka peke yangu barabarani. Ulipopiga nikadhani unataka kunitukana, nikaacha simu ilie makusudi ili uchemke.

Asubuhi Adongo aliponiambia, nilikaa juu ya gogo mchana kutwa. Siku nne zile nilikuwa natoka hadi kwenye ngazi yenu, nasikia sauti za watu, narudi. Machungwa yalikaa mezani mpaka yakaingia ukungu.

Muthurwa nilikwenda nikiwa nimeamua. Nilifika nyuma ya wale wanawake waliokuwa wanapanda basi, hatua tano tu. Nabiswa, dada yake Selpher, alikuwa amekushikia simu, na alikuwa anawaonyesha ile picha. Alisema, "Mwoneni huyu. Anaitwa Maingi. Mwili wa dada yangu haujapoa, yeye anachora mishumaa." Wakashika vichwa. Mmoja akauliza, "Na huyo naye atakuja?" Hapo ndipo Marion akanipungia, na miguu ikageuka. Niliogopa, Wesonga. Nilirudi karakana nikajifungia, nikasikia Adongo anabisha mlango na sikuitika.

Umenikataza mpira na nimejizuia, ila hili nisipolisema litanipasua. Jana jioni Palace walitufunga mbili bila, vijana wote wakaenda zao na mikeka yao, nikabaki kutazama Arsenal na City. Mlipofika bao la tano nilikuwa nimesimama juu ya benchi napiga kelele, mimi mtu wa Manchester. Adongo akaniuliza, "Mzee Maingi, umehama?" Nikamwambia sijahama, kuna mtu namshangilia kwa niaba yake. Hakuuliza ni nani.

Nina miaka hamsini na tisa. Sijui mtu wa umri huu anatafutaje rafiki mwingine, na kusema kweli simtaki. Kila Jumapili nilikuwa nala kwenu, na wewe na Selpher mlinifanya nisione kwamba naishi peke yangu kwenye mji huu. Sasa naona. Naliogopa boma lenu, namwogopa Nabiswa, na kaburi naliogopa zaidi, lakini ukisema nije nitakuja. Usiposema nitaelewa, na hii itakuwa barua yangu ya mwisho.

Ndugu yako,
Maingi

*

Kimilili
9 Aprili 2025

Kwako ndugu yangu Maingi,

Hujambo? Mama Ndete na watoto hawajambo? Sisi tupo. Mvua imeanza na tumepanda, Marion amepata kazi ya muda kwenye duka la dawa hapa mjini.

Nimekaa na barua yako tangu Februari. Niliposoma habari ya machungwa nilikasirika hata nikaiweka chini ya godoro, nikakaa mwezi sijaitoa. Nitakuambia jambo, na nakuambia mimi ili usije ukalisikia kwa mwingine. Jumapili ile, kama saa kumi na moja hivi, Selpher aliuliza, "Maingi hajafika?" Nikamwambia leo kuna mpira. Akasema, "Basi atakuja kesho." Alisema bila uchungu wowote, alikuwa anakujua. Nimelifikiria sana neno hilo. Kama yeye hakukulaumu, mimi nimekulaumu vya kutosha.

Marion ameniamsha leo akisema jana tumewafunga Real Madrid tatu bila. Nilidhani ananidanganya ili nichangamke, mpaka aliponionyesha. Nikaketi nikatazama yale mabao ya mipira ya adhabu mara nne, sikutoka kwenda kwa ng'ombe. Utabiri wangu wa marudiano: kule kwao watatufunga moja, lakini tutapita. Andika hivyo kwenye ubao wa Adongo, jina langu chini.

Sasa la maana. Jumatatu, tarehe kumi na nne, Selpher anatimiza mwaka. Kutakuwa na maombi hapa nyumbani, na padri amekubali kuja. Nabiswa atakuwapo. Nilimsomea barua yako, yote, hata pale ulipomtaja. Akasema uje, ila uje kama watu wanavyokuja.

Wewe ni Mkamba, mambo yetu huyajui, kwa hiyo nisikilize. Kwetu, mtu aliyekosa mazishi haingii bomani akisalimu watu. Ukifika langoni unaanza kulia hapo hapo, kwa sauti, unamwita marehemu kwa jina lake, unakwenda hivyo moja kwa moja hadi kaburini. Hata kama umepita mwaka. Hata kama umepita miaka kumi. Hakuna atakayekucheka wala kukuuliza ulikuwa wapi. Anayeingia kimya ndiye huulizwa. Kaburi liko upande wa kulia, karibu na migomba, utaliona.

Mimi sijalia bado, Maingi. Siku ile kulikuwa na karatasi za kutia sahihi, kisha basi, kisha jeneza, kisha wageni wa kulishwa, na kila mtu akinitazama mimi kwanza ndipo ajue afanye nini. Hapa kijijini wananisifu, wanasema Wesonga ni mwanamume. Si uanaume. Sikuwa na mtu wa kulia naye.

Panda basi la Jumapili usiku ufike asubuhi. Nitakuwa langoni kuanzia saa tatu. Nikikusikia umeanza, nami nitaanza.

Ndugu yako,
Wesonga