Mke Mwenzangu Atoka Edani

Jumatatu, 9 Rajabu
Siku ya thelathini ya eda. Tumetwanga, tumepika, tumeswali. Mimi na Mwanaidi nyumba moja. Nimeolewa juu yake, miaka sita hatupikiani, sasa mume kafa tunasuguana migongo. Leo mkono umeteleza. Chini ya titi lake la kushoto pana kitu kigumu, ukubwa wa popoo. Hakiumi, anasema. Amekificha tangu Ramadhani! Nimemkasirikia. Nimeogopa pia. Shangazi yangu alianza hivihivi, likapasuka, tukamzika.

Jumatano, 11 Rajabu
Mnadi amepita kwetu Baleni: daktari Mdachi yuko kisiwani Chole, anaondoka Jumamosi. Mavyaa, mama wa marehemu, kakataa katakata. "Mjane hatoki edani. Mwanangu hata kaburi halijakauka, mnataka kunitia aibu?" Mwanaidi kainama, kakubali. Mpumbavu. Anaogopa kusemwa kuliko kufa.

Alhamisi, 12 Rajabu
Nimemwandikia mwalimu wa msikitini. Mistari minne. Mjane mwenye ugonjwa wa kuua, afanyeje?

Ijumaa, 13 Rajabu
Mwalimu amekuja mwenyewe baada ya swala. Kasimama nje, kasema mtaa mzima usikie: "Dharura inaruhusu. Atoke, na mwenzake afuatane naye." Na punda wake kaleta. Mungu amlipe. Punda mpaka pwani, kisha mtumbwi; tumefika Chole kabla ya magharibi.

Jumamosi, 14 Rajabu
Wamempa dawa ya usingizi. Titi lote limekwenda. Nilimshika mkono mpaka mwisho. Daktari, kwa mkalimani, kasema uvimbe haukufika kwapani. Wengi huja umekwisha pasuka. Kuapa kwamba hautarudi, hawezi. Kaahirisha safari siku mbili amwangalie, kanifundisha kufunga kidonda, kunawa mikono kwanza. Nilimdhania mtu mkali. Nimemwombea, Mdachi au si Mdachi.

Jumapili, 29 Rajabu
Kidonda kimekauka. Mwanaidi kamaliza wali, kaomba na ukoko. Alhamdulillahi.
Alasiri mavyaa kaingia, kafunga mlango, kakaa kitandani. Kisha akalegeza kanga.
"Nitazame na mimi, mwanangu."
Nikanawa mikono. Nikapapasa polepole, huku na huku, na kwapani. Hamna kitu. Nilipomwambia alibaki vilevile, kifua wazi, analia. Mwanaidi ndiye aliyemfunika.